Gari Iliyobadilishwa Ikiingia Maji: Bima, Haki na Amana

 

Kila masika tunayaona yale yale. Mvua ya usiku mmoja, maji ya Mwanakwerekwe yanapanda barabarani, na asubuhi magari yamesimama yamelowa mpaka kwenye viti. Baada ya hapo maswali huanza kuja msikitini: Sheikh, bima italipa? Na siku hizi swali hili limeota mkia, kwani gari yenyewe si ile tena iliyoshuka bandarini. Kijana amekata springi, ametia rimu pana na muziki wa buti zima. Au injini imebadilishwa. Au Noah ya familia imeongezwa viti na inapeleka watalii Nungwi, ilhali bima imekatwa kwa matumizi ya nyumbani.

Kwanza tazameni bima mliyonayo. Wengi wetu tuna bima ndogo, ile ya lazima kwa sheria. Hiyo inamlipa mtu mwingine aliyedhurika kwa gari yako, na gari yako ikizama haikupi hata shilingi. Mwenye bima hiyo asipoteze nauli kwenda kudai. Bima kubwa ndiyo inayogusa madhara ya gari yenyewe, na hapo pia usome mkataba, kwani mingine inataja mafuriko na mingine inayaacha nje mpaka uyaongeze kwa malipo.

Ama hukmu ya bima yenyewe, Majma' ya Fiqhi ya Kiislamu iliyokutana Jeddah mwishoni mwa mwaka 1985 iliamua kuwa bima ya kibiashara yenye ada maalumu ni haramu kwa sababu ya gharari kubwa iliyomo, na kwamba badala yake ni bima ya kushirikiana, ambayo leo tunaiita takaful. Takaful imeshaingia nchini kwetu, hivyo mwenye kuweza kuhamia huko ahamie. Aliyelazimishwa na sheria na hana njia nyingine achukue kile cha lazima tu. Na aliyekwishakata bima kubwa ya kibiashara kisha gari ikapata maafa, wanazuoni wamekhitalifiana: wapo waliosema achukue kiasi cha ada alizolipa na kinachozidi akitoe kwa masikini, na wapo waliomruhusu kuchukua fidia ya hasara yake. Kauli ya mwanzo ina salama zaidi kwa dini ya mtu.

Lakini kuna jambo ambalo halina khitilafu, nalo ni kusema kweli. Ulipojaza fomu ya bima uliulizwa gari ni ya aina gani, injini yake ni ipi, inatumika kwa kazi gani na imebadilishwa nini. Kampuni ilipanga ada kwa majibu hayo. Ukibadilisha kitu katikati ya mwaka, mikataba mingi inakutaka uwape taarifa, nao huandika nyongeza ya mkataba na pengine kukuongezea ada. Wanasheria huiita nia njema ya hali ya juu. Sisi tunaijua kwa jina la amana, na Suuratul-Maaidah inaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba yao.

Nimewasikia vijana wakisema: "Pesa za bima zenyewe zina shubha, basi kuwadanganya si dhambi." Hoja hii haisimami. Gharari iliyomo katika mkataba haihalalishi uongo, na pesa unayoichukua imetoka katika ada za watu wengine. Katika takaful jambo ni zito zaidi, kwa sababu mfuko ni wa wanachama waliojitolea kusaidiana, na anayedai kwa uongo anawaibia ndugu zake moja kwa moja.

Si kila badiliko lina uzito mmoja. Vitambaa vya viti na mapambo havibadilishi hatari, ila thamani yake hailipwi ikiwa haikuandikwa. Mwenye gari ya milioni 14 aliyetia muziki na rimu za milioni 4 bila ya kuziandikisha asitarajie milioni 18. Kuishusha gari, au kuuhamishia chini mdomo wa kuvutia hewa ya injini, ni jambo jingine kabisa, maana gari hiyo huyavuta maji pale ambapo gari ya kawaida ingepita. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia ndani ya silinda injini ikiwa inazunguka, mkono wa pistoni hupinda. Mkaguzi akifungua injini ataliona hilo, na atauliza nani aliushusha ule mdomo wa hewa. Na injini iliyobadilishwa ambayo namba yake haimo katika kadi ya gari inaleta shaka juu ya gari nzima.

Je, kama badiliko halikuhusiana na mafuriko? Kampuni inaweza bado kukataa dai kwa hoja kuwa ilifichwa jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wake. Hata hivyo dhulma ina pande mbili. Ikiwa wakala aliiona gari, akaipiga picha na rimu zake na viti vyake vya ziada, akapokea ada, kisha siku ya hasara kampuni ikajifanya haikujua, hapo una haki ya kubishana nao. Hifadhi picha hizo na risiti zako.

Asubuhi ya mafuriko, usiwashe gari wala usipige stata kujaribu. Injini nyingi hufa kwa jaribio hilo. Chomoa waya wa betri kama unafikika kwa salama. Piga picha ya alama ya maji milangoni na ndani kabla hujaosha, ipigie simu kampuni siku hiyo hiyo, na iondoshe gari kwa kuvutwa. Usimruhusu fundi afungue chochote mpaka mkaguzi aione, isipokuwa kile kinachozuia hasara isizidi, na hicho nacho kipige picha.

Hapa ndipo shetani anapokuja na ushauri: ng'oa muziki usiku, rudisha rimu za zamani, mwambie fundi aandike risiti ya tarehe ya nyuma, ingiza na stata iliyokufa tangu mfungo. Umm Salamah (Radhiya Allaahu 'anhaa) amepokea kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alitahadharisha kuwa mtu anayehukumiwa haki ya ndugu yake kwa ufasaha wa maneno yake amekatiwa kipande cha moto. Mwambie mkaguzi kilichobadilishwa kabla hajauliza. Huenda ukalipwa pungufu, huenda usilipwe.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Usiporidhika, peleka malalamiko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), na yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa kazi hiyo hiyo.

Kampuni ikilipa thamani yote ya gari, mabaki ni mali yake, kwa hiyo usichomoe spea. Na ikibaki mikononi mwako ukaikausha na kutaka kuiuza, mwambie mnunuzi kuwa iliingia maji, hata kama unaipeleka Pemba ambako hakuna anayeijua. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta ndani kumelowa. Muuzaji akasema ni mvua. Akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakione, kisha akamkana mwenye kughushi. Kapeti lililokauka juu na kuoza chini ni rundo lile lile.

Wa Allaahu A'lam.