Visima vitakatifu vya Ireland: Kwa nini watu bado wanavizuru?

Wasikilizaji wetu wengi wameifahamu Ireland kupitia mapadre, masista na mabruda waliotoka huko kuja Afrika Mashariki kufundisha na kuhudumia wagonjwa. Ibada moja ya kale ya vijijini kwao haifahamiki sana huku kwetu: kuzuru visima vitakatifu. Kisiwa cha Ireland kinakadiriwa kuwa na visima hivyo 3,000 hivi. Katika makala haya tunaeleza visima hivyo ni nini, watu hufanya nini wanapofika, na kwa nini vilivyoshinda marufuku ya serikali leo viko hatarini.

Kisima kitakatifu ni nini?

Ingawa tunaviita visima, vingi si vya kuchimba na kuteka kwa kamba na ndoo. Ni chemchemi ndogo, maji yanayotoka chini ya jiwe au kando ya mti, mara nyingi zikiwa zimezungushiwa ukuta mfupi wa mawe. Katika lugha ya asili ya Ireland kisima huitwa tobar, na neno hilo limo katika majina ya vijiji na miji mingi.

Karibu kila kisima kina mtakatifu wake. Vingi vina jina la Mtakatifu Patrick, aliyehubiri Injili huko katika karne ya 5, au la Mtakatifu Brigid wa Kildare. Mapokeo husema kwamba watakatifu hao walibatiza watu kwenye chemchemi hizo. Baadhi ya mila ni za zamani zaidi. Sikukuu ya Brigid, tarehe 1 Februari, huangukia siku ya Imbolc, ambayo katika kalenda ya kale ya Waayalandi ilikuwa mwanzo wa majira ya kuchipua.

Watu hufanya nini wanapofika?

Jambo kuu ni kuzunguka. Mwenye kuhiji hukizunguka kisima kwa kufuata mwendo wa jua, yaani kama mshale wa saa unavyokwenda, huku akisali Baba Yetu, Salamu Maria na Atukuzwe Baba. Idadi ya mizunguko hutofautiana kisima kwa kisima. Ili asipotewe na hesabu, huokota vijiwe mwanzoni na kuweka kimoja chini kila anapomaliza mzunguko. Wengine huvua viatu. Mwishoni hunywa maji kidogo au kunawa mahali panapouma.

Visima vingine vina sifa ya ugonjwa maalumu. Vile viitwavyo Tobar na Súl, maana yake Kisima cha Macho, huendewa na wenye matatizo ya macho. Vingine ni vya maumivu ya meno, mgongo au kichwa. Kanisa Katoliki hufundisha kwamba anayeponya ni Mungu na si maji yenyewe. Lakini si wote wanaokwenda ni waumini wakubwa. Wapo wanaokwenda kwa sababu bibi yao alikwenda.

Kisima cha Brigid kilichoko Liscannor, katika kaunti ya Clare, kinaonyesha vizuri yale ambayo watu huyapeleka huko. Maji yamo mwisho wa ujia mfupi wa mawe, na kuta zake zimejaa rozari, sanamu, picha za wagonjwa na kadi za kumbukumbu za marehemu.

Waliopigwa marufuku

Mwaka 1704 bunge la Dublin, lililokuwa mikononi mwa Waprotestanti, lilipitisha sheria dhidi ya mikusanyiko ya Wakatoliki kwenye visima na mahali pa hija. Aliyekamatwa alitozwa shilingi 10, na asiye na fedha alichapwa viboko. Mahakimu waliagizwa pia kubomoa misalaba na kuondoa picha. Watawala waliogopa kwamba penye umati wa Wakatoliki pangeweza kuzuka uasi.

Watu hawakuacha. Makanisa yalikuwa yamechukuliwa au kubomolewa, lakini chemchemi haikuweza kuhamishwa.

Pingamizi la pili lilitoka ndani ya Kanisa lenyewe. Sikukuu ya somo wa kisima ilikuwa siku ya sala asubuhi, na ya biashara, ngoma na pombe alasiri. Mara nyingine koo mbili zilimaliza siku kwa kupigana magongo. Katika karne ya 18 na 19 maaskofu na mapadre wengi walizikataza sherehe hizo, na nyingi zikafa.

Kisha ikaja Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni moja wakahama nchi. Vijiji vilipobaki vitupu, hapakuwa tena na wa kuonyesha njia ya kisimani wala wa kufundisha sala zake.

Hatari ya leo

Leo hakuna anayechapwa viboko kwa kwenda kisimani. Tatizo ni kusahauliwa. Maji ya bomba yamefika majumbani, mashamba yamekaushwa kwa mitaro, barabara zimepanuliwa, na kisima kisichokanyagwa humezwa na miiba kwa miaka michache tu. Pengine maji yenyewe yamechafuliwa na samadi au mashimo ya vyoo, na si salama tena kunywa.

Hata desturi inaweza kuharibu. Zamani mgonjwa alifunga kitambaa cha pamba au sufu mtini, na iliaminika kwamba kadiri kinavyooza ndivyo ugonjwa unavyomtoka. Siku hizi wageni hufunga nailoni na plastiki. Hizo haziozi, hukaza matawi, na maana ya desturi hupotea.

Hata hivyo zipo juhudi. Kati ya 1937 na 1939, wanafunzi wapatao 50,000 wa shule za msingi walitumwa kuwauliza wazee habari za kale, zikiwemo za visima vya kwao. Daftari zao sasa zinasomeka kwenye intaneti, na wanakijiji huzitumia kutafuta visima vilivyopotea na kuvisafisha. Tangu 2023, sikukuu ya Brigid ni siku ya mapumziko ya kitaifa katika Jamhuri ya Ireland, ya kwanza yenye jina la mwanamke.

Sikukuu ya kitaifa ni heshima kubwa, lakini haitafyeka miiba. Visima vilivyo hai hadi leo ni vile ambavyo mtu wa jirani huvifagia, huvizunguka, na huenda navyo akiwa ameshika mkono wa mtoto.