Breki Ipimwe, Isikisiwe

Wenye matatu na malori nchini Kenya wana lalamiko moja la miaka mingi kuhusu ukaguzi wa kila mwaka: gari lililokataliwa na mkaguzi huyu hupitishwa na yule, wala spana haijaligusa. Wengi hulitaja jibu moja, rushwa. Rushwa ipo na inaua. Lakini hata wakaguzi wote wakiwa waadilifu, tofauti hizo hazitaisha maadamu hukumu imeachiwa jicho na sikio. Mmoja hutikisa gurudumu akaona limelegea, mwenzake akaona linafaa, na kwa kuwa hakuna aliyeandika kipimo, hakuna wa kuambiwa amekosea.

Breki hazina haja ya kukisiwa. Gari hupandishwa juu ya rola zinazozunguka, kanyagio hubonyezwa polepole, na mashine huonyesha nguvu ya kila gurudumu. Uingereza, ambako ukaguzi wa magari wa kila mwaka ulianza mwaka 1960, gari dogo lililoanza kutumika tangu Septemba 2010 lazima nguvu ya breki zake ifikie asilimia 58 ya uzito wake, na ya breki ya mkono asilimia 16. Nguvu za kulia na kushoto zikipishana kwa zaidi ya asilimia 30, gari halipiti. Huko nako wakaguzi hubishana, hasa juu ya kutu, ambayo hupimwa kwa kubonyeza na kugonga. Tena gereji inayokagua ndiyo mara nyingi inayotengeneza, kasoro ambayo sisi hatupaswi kuiiga. Kinachowaokoa ni kumbukumbu. Kila tokeo huingizwa katika mfumo mmoja, mtu yeyote mwenye namba ya gari husoma historia yake, na kituo huona kinavyokataa breki au tairi kikilinganishwa na wastani wa nchi. Anayepitisha kila kitu huonekana bila kuviziwa.

Wapo watakaosema mashine nazo huharibika. Ni kweli: Januari 2020, Ireland ya Kaskazini ilisimamisha ukaguzi baada ya lifti 48 kati ya 55 za kuinulia magari kukutwa na nyufa. Lakini nyufa zilionekana na kazi ikasimama. Jicho lililochoka halina anayelikagua. Wengine watasema ajali nyingi huletwa na madereva. Naam, na dereva aliyekosea hutegemea breki zimwokoe, yeye na abiria kumi na wanne walio nyuma yake. Hoja ya gharama ndiyo nzito zaidi, maana mashine ni ghali na mwenye gari moja hana akiba. Hata hivyo anayerudishwa mara mbili kwa sababu asizoelezwa hupoteza mapato ya siku nzima kila mara. Akipewa karatasi yenye tarakimu, fundi wake anajua aanzie wapi.

Linabaki tatizo la gari linalopendeza siku ya ukaguzi tu, lile linaloazima tairi asubuhi na kuzirudisha jioni. Tumeshaliona: sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilizoanza kutumika mwaka 2004, zililazimisha matatu vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na vingi vikaja kuchezewa baada ya cheti kupatikana. Kwa tairi, dawa ni rahisi mno. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ziandikwe kwenye cheti, ili askari wa barabarani achuchumae na kuzilinganisha.