Mlinde na Jua Mtoto Mwenye Ualbino

Ngozi ya mtoto mwenye ualbino haina rangi ya kutosha kumkinga. Jua la Tura humbabua tangu utotoni, na wengi hupata saratani ya ngozi wangali vijana.

Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 alasiri akae kivulini. Mama, uendapo shamba la tumbaku, usimbebe mgongoni juani. Avae kofia pana na mikono mirefu; mzazi mwenye ualbino naye vivyo hivyo. Mafuta ya kawaida hayazuii jua; ulizeni hospitali losheni ya Kilisun, iliyobuniwa KCMC, Moshi.

Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja kipelekwe hospitali. Kikiwa kidogo, hukatwa kikapona.

Baba, kofia hiyo inunue wewe.