Dhana Iliyojificha Katika Hoja

Mtahiniwa, watu wawili wanaweza kubishana kutwa nzima bila kugusa jambo linalowatenganisha. Kila mmoja anasimama juu ya dhana iliyojificha, yaani jambo analolichukua kuwa kweli bila kulitaja wala kulithibitisha.

Hoja ina sehemu tatu: dai, sababu na dhana inayoziunganisha. Chukua mfano huu wa mdahalo hapa Bombo: "Kijana akimaliza kidato cha nne aende mjini (dai), kwa kuwa tangawizi hailipi (sababu)." Dhana iliyojificha ni kwamba mjini kunalipa zaidi. Mpinzani anayejibu tu, "Tangawizi inalipa!" ameiacha dhana hiyo salama. Anayeuliza, "Huko mjini ataishije kabla hajapata kazi?" ameigusa.

Mfano wa kihistoria: Mbiru

Katika miaka ya 1940, machifu wa Upare pamoja na serikali ya kikoloni walianzisha kodi iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Waliiita mbiru, jina la ushuru wa jadi waliopewa watawala zamani. Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani hadi makao ya wilaya, Same, kuipinga.

Watawala walidhani kuwa mali ya mtu inaweza kukadiriwa kwa haki na mtu wa nje, na kwamba jina la jadi litaleta ridhaa. Wananchi hawakukubali hata moja. Tena hawakukataa kulipa kodi. Walipinga namna ya kuikadiria. Kwa hiyo afisa aliyewahubiria umuhimu wa kodi alikuwa akijibu swali ambalo hawakuuliza. Mgogoro uliendelea hadi wanawake nao wakaandamana, na mwishowe kodi hiyo ikaondolewa.

Namna ya kuibaini dhana

1. Tenganisha dai na sababu. Neno "kwa sababu" au "kwa kuwa" litakusaidia.
2. Jiulize: ni jambo gani lazima liwe kweli ili sababu hii ilete dai hili?
3. Liandike kwa sentensi moja ambayo mwenye hoja mwenyewe angeikubali. Ukimsingizia, umeshindwa.
4. Fanya vivyo hivyo kwa hoja yako.

Zingatia: Hatua ya nne ndiyo ngumu, maana dhana ya mwenzako huonekana kama kosa, na yako huonekana kama ukweli. Dhana kujificha hakuifanyi kuwa ya uongo, kunaifanya isipimwe. Ukiitaja yako na kuitetea katika insha, msomaji ataona umefikiri, hata kama hakubaliani nawe.

Zoezi

"Wazazi wasiwape wanafunzi simu kwa sababu simu zinapoteza muda." Taja dhana iliyojificha, kisha andika aya moja ya kuipinga na moja ya kuitetea.