Kilo Moja ya Nini?

Koki mbili za bafuni zimeletwa kwenye banda la skrepa. Zote zinang'aa kwa kromiamu, sumaku haishiki hata moja, na kila moja ina gramu 850. Ya kwanza ni brasi, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki. Ya pili ni zinki iliyotiwa alumini kidogo, ileile inayotumika kwenye vitasa vya bei rahisi na vigari vya watoto. Mnunuzi akizipeleka mbele, ya kwanza itamlipa mara kadhaa zaidi ya ile ya pili. Mwenye mzigo amesimama pembeni ya mizani na anataka bei moja kwa kilo.

Ndoo ya maji inamaliza ubishi huo. Funga koki kwa uzi, itundike kwenye mizani ya kuning'iniza, kisha izamishe yote bila kugusa ukingo wala kitako cha ndoo. Ya brasi itashuka kutoka gramu 850 hadi 750 hivi. Gramu 100 zilizopungua ni uzito wa maji yaliyosogezwa, na kwa kuwa gramu moja ya maji hujaza sentimita moja ya ujazo, koki yenyewe ina sentimita za ujazo 100. Gawanya 850 kwa 100 upate densiti ya 8.5: brasi hiyo. Ya pili itasoma 722 hivi. Imepoteza gramu 128, densiti yake ni 6.6, na hapo unajua umeshika zinki. Kanuni ni ya Archimedes wa Sirakusa, na ile hadithi ya kutoka bafuni mbio bila nguo nawaachia walimu wa fizikia. Kinachomhusu mnunuzi zaidi ni kitu ambacho vitabu vya shule hukipita harakaharaka: hewa ikibaki ndani ya koki, jibu lote linaharibika. Itikise majini mpaka mapovu yaishe, na kabla ya hapo toa mpira, plastiki na kijiti cha chuma kilichomo ndani.

Biashara nzima ya vyuma chakavu imekaa kwenye pengo kati ya kilo inayosomwa mizanini na kilo itakayotoka tanurini. Kwenye hesabu za Dar es Salaam au Nairobi, anayefilisika si lazima awe amenunua kwa bei kubwa. Mara nyingi amelipa bei ya haki kwa kitu ambacho hakikuwemo.

Kipimo cha kwanza cha banda lolote ni sumaku. Inapewa nafasi hiyo kwa wepesi wake, maana yenyewe haijui mengi. Metali safi zinazoshikwa na sumaku katika joto la kawaida ambazo mtu wa skrepa ataziona ni chuma na nikeli, pamoja na kobalti kwa nadra. Kwa hiyo kinachonata karibu kila mara ni chuma, na kinakwenda kwenye rundo la bei ya chini. Panapoleta utata ni kwenye stenlesi. Aina inayotengenezewa sinki nzuri na mitambo ya maziwa ina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hivi. Nikeli hiyo huzipanga atomi za chuma kwa mtindo mwingine, na sumaku inateleza. Kuna stenlesi nyingine yenye kromiamu bila nikeli, na hiyo sumaku inaikamata kama msumari. Zote zinang'aa sawasawa. Mtego wa ziada ni kwamba hata ile nzuri, ikikunjwa kwa nguvu kiwandani, kona zake hushikwa kidogo kwa sababu mpangilio wa atomi umevurugwa pale ilipokunjwa. Sinki basi hupimwa kwenye ubapa wake, na anayeigusa konani ataikataa mali ya maana.

Tofauti hiyo ya nikeli ina fedha. Tani moja ya stenlesi ya asilimia 8 imebeba kilo 80 za nikeli, na bei ya nikeli hupangwa mbali sana na banda. London kuna soko la metali lililoanzishwa mwaka 1877, ambako shaba, alumini, zinki, risasi na nikeli hupewa bei kwa tani kila siku ya kazi. Tarehe 8 Machi 2022 nikeli ilipanda hapo hadi kupita dola 100,000 kwa tani, ilhali siku chache kabla ilikuwa chini ya dola 30,000. Soko lilifuta biashara za siku hiyo. Mtu aliyekuwa na sinki ishirini uani hakutajirika, wala hakuna aliyemwita. Lakini bei anayoambiwa kwa simu asubuhi na wakala wa bandarini inatoka kwenye namba hizo, na aliyenunua mzigo wa wiki mbili kwa bei ya juzi ameshika bahati nasibu.

Chuma cha kawaida kina hesabu yake, na ya kwanza ni kutu. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni, na mara nyingi na maji pia. Ukikokotoa kwa uzito wa atomi, katika kilo 100 za kutu tupu chuma ni kilo 63 hadi 70, na zinazobaki ni oksijeni na maji. Hakuna kiwanda kitakacholipia hewa. Wakati wa masika mambo yanazidi, kwa kuwa magamba ya kutu na udongo ulioganda ndani ya mabomba hunyonya maji, na maji hayo yanapandishwa mizanini pamoja na chuma. Mnunuzi anayekata kilo kadhaa kwa kila mia kwa ajili ya uchafu haonei mtu, mradi agonge bomba chini mbele ya muuzaji na wote wawili waone kilichodondoka.

Mabati ya paa ni shida ya aina nyingine. Tuseme lori la tani 10 linakodiwa kwa shilingi 300,000. Likijazwa nondo na vipande vizito, usafiri unakuwa shilingi 30 kwa kilo. Mabati yaliyokunjwakunjwa huweza kulijaza likiwa na tani tatu tu, na hapo usafiri umefika shilingi 100 kwa kilo kabla hujalipa mbebaji. Tanurini nako bati jembamba lina eneo kubwa la kugusana na hewa kuliko kipande kinene cha uzito uleule, kwa hiyo sehemu yake kubwa zaidi huungua ikawa taka kabla ya kuyeyuka. Zinki iliyopakwa juu huchemka kwenye nyuzijoto 907 za Selsiasi, wakati chuma kinasubiri karibu 1,500, na inaondoka kama moshi mweupe. Wauzaji huona bei ya mabati kama dharau. Kwa kweli ni fizikia.

Kitu kinachonivutia kuliko vyote katika biashara hii, hata hivyo, ni jinsi shaba inavyoweza kuwa uchafu. Shaba nyekundu, kopa ya mabandani, ndiyo mali ya ndoto ya kila mwokota skrepa. Ikibaki ndani ya chuma inageuka sumu. Viwanda vingi vya nondo vinavyoyeyusha skrepa Afrika Mashariki hutumia tanuri za umeme za induksheni, ambazo ni hodari wa kuyeyusha na wavivu wa kusafisha: unachoingiza ndicho unachotoa. Hata tanuri inayopulizwa oksijeni haiwezi kuiondoa. Kaboni, silikoni na manganizi hupenda oksijeni kuliko chuma kinavyoipenda, kwa hiyo huungua mapema na kutoka. Shaba haina haja hiyo na oksijeni. Ukizidi kupuliza unaunguza chuma, na shaba inabaki imetulia.

Madhara yake huonekana baadaye, bonge la chuma linapopashwa moto hadi karibu nyuzijoto 1,200 ili livutwe liwe nondo. Juu ya ngozi yake chuma kinaungua na kuwa magamba, lakini shaba haiungui, basi inajilimbikiza chini ya magamba hayo. Yenyewe huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,085. Inakuwa maji, inapenya katikati ya chembe za chuma, na bonge linapobanwa na rola linapasuka usoni. Chuma cha bodi za magari kinatakiwa kiwe na shaba isiyozidi asilimia 0.1 hivi, nondo huvumilia hadi asilimia 0.4, yaani kilo nne katika tani nzima. Mota chache za umeme zilizotupwa ndani ya rundo bila kufunguliwa zinatosha kufikisha kiwango hicho. Ndiyo sababu mota nzima, yenye kilo moja au mbili za kopa ndani yake, hailipiwi kama kopa wala kama chuma safi. Ikishafunguliwa, kopa ikaenda huku na ganda likaenda kule, vyote viwili vinapanda bei. Fundi mwenye nyundo na patasi anafanya kazi ambayo tanuri la mamilioni haliwezi kuifanya.

Alumini ina tabia hiyohiyo. Inalipa vizuri kwa sababu kuitoa kwenye madini yake kunakula umeme wa takriban kilowati-saa 14 kwa kilo, na kuyeyusha chakavu kunahitaji sehemu ndogo, kama asilimia tano, ya nishati hiyo. Lakini alumini moja haipo. Pistoni na vichwa vya injini vimejaa silikoni, kwa kawaida karibu asilimia kumi au zaidi, ili vimiminike vizuri kwenye kalibu. Silikoni hiyo haitolewi kwa urahisi, kwa hiyo pistoni itarudi kuwa kitu cha kumiminwa, sufuria nzito pengine, na haitakuwa waya. Waya wa laini za umeme ni alumini karibu tupu na thamani yake ni ya juu kabisa. Ndio pia mzigo unaostahili kuulizwa maswali kabla ya kupimwa. Kenya ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuangushwa na nchi kukaa gizani, na iliiruhusu tena Mei mwaka huo. Wafanyabiashara waliokuwa na leseni na vitabu safi walifunga milango sawa na wengine.

Tuje sasa kwenye waya wa nyumba wenye plastiki yake, kwa sababu hapo hesabu yote inaonekana. Chukua waya wa milimita 2.5 za mraba. Mita moja ina kopa ya sentimita za ujazo 2.5, zidisha kwa densiti ya 8.96 upate gramu 22 na kidogo. Plastiki yenye unene wa milimita 0.8 inaongeza gramu tisa hivi. Kopa basi ni karibu asilimia 70. Kebo nyembamba za chaja na redio ni hadithi nyingine, plastiki imezidi kopa kwa mbali, na siku hizi kuna waya wa alumini uliovikwa ngozi ya kopa: ukiukata, kitovu ni cheupe. Kata, usikwangue tu.

Tuseme kopa safi utaiuza shilingi 20,000 kwa kilo, na umeletewa kilo 100 za waya huo. Kilo 70 ni shilingi 1,400,000. Toa 28,000 za upotevu wa asilimia mbili, 60,000 za vijana wa kuchuna, 40,000 za usafiri, 70,000 za kujikinga na bei kushuka kabla hujauza, na faida yako 100,000. Inabaki 1,102,000, yaani shilingi 11,020 kwa kilo. Hicho ndicho kikomo chako, na mazungumzo yote yafanyike chini yake. Sasa jaalia gunia lilikuwa na kebo nyembamba katikati na kopa ilikuwa asilimia 60. Utauza 1,200,000, upotevu, vijana na usafiri vitakula 124,000, mzigo ulikula 1,102,000. Umepoteza shilingi 26,000 hata kama bei ya London haikusogea. Kosa la asilimia kumi kwenye kukisia limemeza faida na kinga pamoja.

Wapo wanaokwepa ugomvi huo kwa kuchoma waya. Plastiki yake ina klorini, ambayo moshi wake hutoa asidi na dioksini, na kopa yenyewe huchochea dioksini hizo kutengenezeka. Ukiacha mapafu ya majirani, kopa iliyoungua imepauka, inavunjika, imebeba oksidi, na kiwanda huiweka daraja la chini. Kisu cha kuchunia ni cha polepole lakini kinalipa.

Dawa ya kukisia ni sampuli. Toa vipande vya mita moja juu, katikati na chini ya gunia, vichune, vipime kwenye mizani ndogo kama ya sonara. Vikikubaliana, lipa. Vikipishana sana, wanunuzi wajanja hutoa bei mbili: ya chini, taslimu sasa hivi, au ya juu kwa kila kilo ya kopa itakayopatikana baada ya kuchuna hapohapo, muuzaji akitazama. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika, akieleza kwamba muuzaji anapojua ubora wa mali na mnunuzi hajui, mnunuzi hushusha bei kwa wote, na wenye mali nzuri wanaondoka sokoni. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi kwa kazi ya aina hiyo. Bei mbili za bandani zinajibu tatizo lake: anayejua gunia lake ni zuri hukaa kwenye benchi kusubiri vijana wachune, na anayetaka pesa ya haraka tayari amekupa makisio ya kilichomo.