Chumba cha mgeni wa Idd: Tandiko la tatu katika nyumba ya Muislamu

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu katika imani, tumekusudia Ijumaa ya leo kuzungumzia jambo ambalo aghalabu hudhaniwa kuwa ni la akina mama peke yao, ilhali ni la nyumba nzima. Jambo lenyewe ni chumba anacholala mgeni wa Idd.

Kila inapokaribia Idd, iwe ni Idd-el-Fitri au Idd-el-Hajj, barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo hujaa watu wanaorejea kwa wazee wao. Hupita Bunju, Mapinga, Kerege na Kiromo wakiwa na watoto na vifurushi vyao. Wapo wanaovuka bahari kutoka Unguja, na wapo wanaoteremka kutoka Pangani na Tanga. Furaha ni kubwa, lakini pamoja nayo huja swali linalomsumbua mwenye nyumba: wageni hawa watalala wapi?

Kwa sababu ya swali hilo, baadhi ya familia zimeanza kuogopa wageni. Utasikia mtu akisema hana chumba cha kumfaa fulani, basi ni afadhali asije. Na mgeni naye, kwa kuona haya, huamua kupanga chumba cha gesti au kubaki kwake. Hivyo ndivyo undugu unavyolegea pole pole, bila ugomvi wowote.

Tandiko la tatu

Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kutoka kwa Jabir bin Abdallah (R.A.), Mtume (S.A.W.) alibainisha kuwa nyumba ina haki ya tandiko la mume, tandiko la mkewe, na la tatu la mgeni; ama la nne alilinasibisha na shetani. Wanazuoni wamefafanua kwamba makusudio ya hilo la nne ni kile kinachozidi haja, kinachowekwa kwa ajili ya fahari na majivuno. Nyumba yenye watoto wengi haikatazwi kuwa na matandiko zaidi.

Hadithi hii inatufunza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, mgeni amehesabiwa miongoni mwa wenye haki ndani ya nyumba, hata nyumba hiyo iwe ya watu wa hali ya chini. La pili, haki hiyo ina mpaka wake, na akiuvuka mwenye nyumba atakuwa anazitumikia macho ya majirani badala ya mgeni wake.

Mfano bora ni Abu Ayyub al-Ansari (R.A.), aliyepata heshima ya kumpokea Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina. Mtume alikaa sehemu ya chini ya nyumba, na wenyeji wakawa juu. Abu Ayyub hakutulia, akiona ni utovu wa adabu kutembea juu ya kichwa cha Mtume, hadi mwishowe Mtume akakubali kuhamia juu. Nyumba ile haikuwa na pambo la kutajika. Alichokuwa nacho mwenyeji ni kumfikiria mgeni wake usiku kucha.

Mji wa wageni

Mji wa Bagamoyo una mazoea ya siku nyingi na wageni. Magofu ya msikiti wa Kaole, unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, yanashuhudia kwamba Waislamu wameishi na kupokeana katika pwani hii kwa karne nyingi. Katika karne ya 19 maelfu ya wapagazi waliteremka hapa kutoka bara wakiwa na meno ya tembo, wakatua mizigo yao na kungoja safari ya kurudi. Baadaye zawiya ya Qadiriyya, iliyoongozwa na Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, iliwavuta wanafunzi na wageni wa maulidi kutoka mikoa ya mbali. Wazee wetu waliwapokea watu kwa kitanda cha kamba, godoro la sufi, mkeka na mtungi wa maji.

Tutatoa mfano wa nyumbani kwetu wenyewe, na tunautoa kwa haya. Mwaka mmoja tulimtarajia shangazi yetu, mtu mzima mwenye maumivu ya magoti, aje kutoka upande wa Pangani kula Idd-el-Fitri pamoja nasi. Tulikopa fedha, tukanunua kitanda cha mbao kilichoinuka, pazia za maua na zulia. Majirani walikuja kutazama, wakasifu. Shangazi naye alipofika alisifu.

Asubuhi ya Idd tulimkuta amelala sakafuni juu ya mkeka wake wa kuswalia. Kitanda kile hakuweza kukipanda. Choo kilikuwa mwisho wa uani, njiani hakuna taa, naye alijizuia usiku mzima ili asituamshe. Hata kibla hakuijua. Aliswali alfajiri akielekea dirishani, upande wa baharini, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwonyesha. Siku ya pili aliaga kwa upole, akisema kuku wake hawana wa kuwalisha. Kabla ya Idd iliyofuata alitangulia mbele ya haki. Deni la kitanda tuliendelea kulilipa yeye akiwa kaburini. Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu, na atusamehe sisi.

Yapasayo kutayarishwa

Tangu siku ile tumejifunza kuanza na mgeni mwenyewe: ni nani, ana umri gani, ana maradhi gani, anakuja na nani. Mzee apewe kitanda cha chini na chumba kilicho karibu na mlango wa uani, na njia ya chooni iwe na taa. Mama mwenye mtoto mchanga apewe chumba kisicho na kelele za barazani.

Hewa ya pwani ina unyevu, kwa hiyo godoro na mito vianikwe juani siku kadhaa kabla ya Idd, na mbao za kitanda zikaguliwe kunguni. Shuka si lazima ziwe mpya. Zatosha kuwa safi na kukauka vizuri. Chandarua kikaguliwe matundu na kuzibwa, kwani mbu wa malaria hamjui mgeni wala mwenyeji. Kikiwa ni chandarua chenye dawa, kikaushwe kivulini.

Chumbani pawekwe mkeka wa kuswalia, naye mgeni aonyeshwe kibla mara tu anapoingia. Kwetu Bagamoyo kibla ni upande wa kaskazini. Pawekwe maji ya kunywa yaliyofunikwa, kama alivyoelekeza Mtume (S.A.W.) kufunika vyombo usiku, na bafuni pawe na ndoo, kopo la kutawadhia na kandambili. Udi ukifukizwa ni jambo jema, ila chetezo chenye makaa kitolewe kabla ya watu kulala, kwa kuwa Mtume ametukataza kuacha moto ukiwaka tulalapo.

Jambo moja tusilionee haya kulisema. Nyumba inapojaa, watoto ndio huhamishwa kwanza, na wazazi wengine huwalaza popote palipo na nafasi, hata pamoja na wageni watu wazima. Mtume (S.A.W.) ametuamuru kuwatenganisha watoto katika malazi wanapofika miaka 10, na katika suala la faragha na wanawake amemfananisha hata shemeji na mauti. Basi wasichana wapewe chumba chao pamoja na mama au bibi, na wavulana walale pamoja na baba au kaka zao. Ukarimu hauwi kisingizio cha kumwacha mtoto bila ulinzi.

Wajibu wa mgeni

Mgeni naye ana adabu zake. Surat An-Nur, aya ya 27, inatuamuru tusiingie nyumba za watu bila ya kuomba idhini na kuwatolea salamu wenyewe. Katika zama hizi za simu za mkononi, hakuna udhuru wa kumfikia mtu usiku na watoto watano bila ya taarifa. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ugeni umewekewa siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka ya mwenyeji. Wala si halali kwa mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Mgeni mwema hutandika kitanda chake, husaidia kuchota maji, na huondoka akiwaombea dua wenyeji wake.

Hivyo basi, ndugu zetu, asiwepo miongoni mwetu atakayemzuia ndugu yake kuja kwa sababu ya uchache wa vitu. Ukiwa na mkeka safi, chandarua kizima na maji ya kutawadhia, tandiko la tatu tayari unalo. Mpigie simu shangazi, mjomba au bibi aliyeachwa peke yake, umwambie nafasi yake ipo, kabla Idd haijafika na kabla umri haujakatika.

Tunamuomba Allah (S.W.) azifanye nyumba zetu kuwa za rehema, na aukubali ukarimu wetu hata ukiwa mdogo. Amin. Wabillahi tawfiq.