Majeruhi Si Marehemu

Kuna maneno matatu ya Kiswahili ambayo yamenishughulisha kwa muda mrefu: majeruhi, mahabusu na marehemu. Mwanafunzi wa isimu huambiwa mapema kwamba hiyo 'ma' ya mwanzo si kiambishi cha wingi kama ile ya mawe au machungwa. Ni sehemu ya umbo la Kiarabu linalomtaja mtu aliyetendwa jambo: aliyejeruhiwa, aliyezuiliwa, aliyerehemiwa. Ndiyo maana twasema majeruhi mmoja na majeruhi kumi, neno lisibadilike. Kisarufi watatu hawa ni ndugu wa tumbo moja. Hofu yangu ni kwamba katika viwanja vya shule zetu undugu huo umevuka mipaka ya sarufi, na mchezaji aliyeumia anatendewa kana kwamba amekwisha kuzikwa.

Nazungumza juu ya sehemu ninazozifahamu. Kangari, nilikozaliwa, ni mji mdogo wa wakulima wa majani chai katika Kaunti ya Murang'a, chini ya safu za Nyandarua. Muhula wa pili ndio muhula wa kandanda shuleni, nao huangukia majira ya baridi ambayo sisi Wakikuyu huyaita gathano. Ukungu hushuka mapema, nyasi haikauki, na viwanja vingi vimechongwa kwenye miteremko hivi kwamba timu moja hupanda na nyingine hushuka hadi kipindi cha pili. Mifupa huumia hapo. Mashindano nayo hayangoji. Timu inayoshinda hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kutoka kaunti hadi eneo, kisha taifa na hatimaye Afrika Mashariki, na ngazi hizo hufuatana kwa karibu mno. Mwalimu wa michezo aliye na winga aliyeteguka kifundo hana mwezi wa kumsubiri. Ana siku chache tu.

Tazama basi ubao wa matangazo wa shule yoyote asubuhi ya safari. Utaona orodha mbili: kikosi cha kwanza na wachezaji wa akiba. Aliyeumia hayumo katika ya kwanza wala ya pili. Jina lake limefutwa, basi litaondoka bila yeye, na Jumatatu hakuna atakayemwuliza mguu unaendeleaje. Tuna neno la kumwita, majeruhi, lakini hatuna mahali pa kuliandika.

Julai moja nilisimama kando ya uwanja fulani nikamwona winga wa kidato cha tatu akijifunga leso kwenye kifundo cha mguu, akaikaza kwa meno, kisha akavuta soksi juu yake ili isionekane. Alicheza dakika zote. Baada ya mechi nilimfuata nikamwuliza kwa nini hakumwambia mwalimu wake.

"Mwalimu, nikitoka jina langu linatolewa," akanijibu huku akitazama chini. "Na jina likitolewa, nyumbani wataulizwa karo."

Msomaji aliye mwalimu hahitaji kufafanuliwa jibu hilo. Wapo wavulana na wasichana wengi wanaosoma kwa sababu ya vipawa vyao uwanjani. Shule huwachukua, huwasamehe karo yote au sehemu yake, na makubaliano hayo aghalabu hayaandikwi popote. Mtoto wa mkulima mdogo wa chai anajua kwamba nafasi yake darasani imesimama juu ya mguu mmoja, na mguu huo ndio uliovimba. Tukimwona ameficha maumivu twasema ni mkaidi au ana moyo wa simba. Mimi naona amepiga hesabu, tena hesabu sahihi, kwa kanuni tulizomwekea sisi wenyewe.

Mfano ninaotaka kuuleta unatoka mbali, katika kandanda ya Kimarekani, mchezo ambao wengi wetu huuona kwenye runinga tukashangaa unaitwaje kandanda ilhali gozi hushikwa kwa mikono. Katika ligi ya NFL kila timu huruhusiwa kuwa na wachezaji 53 msimu unapoanza. Mwishoni mwa Agosti makocha hupunguza majina kutoka 90 hadi idadi hiyo, na siku hizo ni za machozi. Lakini pembeni mwa wale 53 kuna orodha nyingine, ambayo naweza kuiita akiba ya majeruhi. Mchezaji aliyeumia vibaya huandikwa humo. Hahesabiwi tena miongoni mwa wale 53, kwa hiyo timu hupata nafasi ya kumwingiza mtu mwingine. Papo hapo yeye hubaki kuwa mchezaji wa timu hiyo, hutibiwa na matabibu wake, na huendelea kulipwa, ingawa mikataba mingine humpunguzia mshahara. Kwa kanuni za sasa hana ruhusa ya kurudi uwanjani kabla ya kukosa angalau mechi nne. Zingatia hapo: hana ruhusa. Hata akitaka kujitia ushujaa na kufunga leso, kanuni yenyewe inamzuia.

Neno 'akiba' lina maana nzuri katika suala hili. Asili yake ni ya Kiarabu, katika shina linalohusu kisigino na kile kijacho nyuma. Wahenga waliposema akiba haiozi walikuwa wanafikiria nafaka ghalani. Kitu cha akiba hakitumiki leo, lakini kina mwenyewe, na kina siku yake.

Siku hiyo ilimfikia mjukuu wa Mwafrika Mashariki mashuhuri. Benedicto Kiwanuka alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, baadaye akawa jaji mkuu, akakamatwa na kuuawa mwaka 1972 chini ya utawala wa Idi Amin. Mjukuu wake, Mathias Kiwanuka, alizaliwa Marekani akawa mlinzi wa timu ya New York Giants. Novemba 2007, katika mechi dhidi ya Detroit Lions, alivunjika mfupa wa mguu. Akawekwa katika akiba ya majeruhi, na kwa kanuni za wakati ule aliyeingia humo hakurudi msimu huo. Februari 2008 Giants walishinda fainali kuu kwa 17-14 dhidi ya New England Patriots, ambao hawakuwa wamepoteza hata mechi moja, naye Kiwanuka hakuvaa jezi siku hiyo. Mwaka 2010 akaumia tena, safari hii shingo, jeraha ambalo lingeweza kabisa kumaliza maisha yake ya mchezo. Akarudishwa katika orodha ile ile. Msimu uliofuata alikuwa uwanjani, na Februari 2012 Giants walipowashinda Patriots kwa mara ya pili, 21-17, alikuwa miongoni mwa walinzi waliocheza. Sidhani mvulana wetu wa leso angepewa nafasi hizo mbili.

Lakini kuelekea fainali hiyo ya 2012 lilitokea jambo linalotufunza upande wa pili wa suala hili, upande wa yule anayeingia mahali pa majeruhi.

Katika mchezo huo timu ikishindwa kusonga mbele inavyotakiwa huupiga mpira juu sana ili uangukie mbali na lango lake. Timu pinzani humweka mtu mmoja nyuma kabisa kuupokea. Husimama peke yake. Mpira uko angani, na watu wazito wanamjia mbio. Anaweza kupunga mkono kuashiria kwamba ataudaka tu bila kukimbia nao, na hapo ni marufuku kumgusa, au anaweza kuudaka na kujaribu kupenya. Akiuangusha au ukimgusa kisha ukamponyoka, wapinzani wana haki ya kuuchukua. Yeyote aliyewahi kuwa kipa mjini Kangari, mpira wa kona ukitoka ndani ya ukungu, anaelewa upweke wa mtu huyo.

San Francisco 49ers walikuwa na mpokeaji hodari wa mipira hiyo, Ted Ginn. Januari 22, 2012, katika mechi ya kuamua nani atakwenda fainali, Ginn hakucheza kwa sababu ya goti. Nafasi yake ilichukuliwa na Kyle Williams, kijana ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa nyingine. Mvua ilikuwa inanyesha. Katika robo ya mwisho, 49ers wakiongoza 14-10, mpira uliodunda chini ulimgusa goti, Giants wakauchukua na baada ya muda mfupi wakafunga. Katika muda wa nyongeza, mambo yakiwa 17-17, Williams aliudaka mpira mwingine, akakimbia nao, ukapokonywa mikononi mwake. Giants wakapiga mkwaju wa ushindi, 20-17. Saa chache baadaye kijana huyo alikuwa anaandikiwa vitisho vya kuuawa. Wachezaji wenzake na kocha wake walisimama naye hadharani, na hilo nawapongeza.

Wengi walimlaumu Williams. Mimi swali langu ni la mwalimu: mtu wa akiba hupewa mazoezi kiasi gani ya kazi atakayofanya siku mwenziwe akiumia? Tukubaliane kwamba hata kwa mabingwa wale wenye kila chombo, goti la mtu mmoja lilitosha kumweka mwingine mahali pagumu kuliko pote uwanjani. Kwetu hali ni mbaya zaidi. Kipa wa pili wa shule nyingi hushika mipira wakati wa kupasha misuli moto, kisha hukaa benchi akiwatunzia wenzake saa na sweta. Siku kipa wa kwanza akivunjika kidole, tunamsukuma langoni mbele ya shule nzima, na akifungwa magoli matatu jina analopachikwa humfuata hadi kidato cha nne. Kumficha majeruhi na kutomwandaa wa akiba ni kosa moja. Mwalimu asiye na mtu wa kumwamini benchini ndiye atakayemwambia aliyeumia, "Jikaze kidogo, mwanangu."

Hata soka, mchezo tunaoujua, ilichelewa kulijua jambo hili. Katika Kombe la Dunia la 1962 nchini Chile hapakuwa na kubadilisha wachezaji mechi ikiendelea. Pelé aliumia Juni 2 dhidi ya Czechoslovakia, akabaki uwanjani akichechemea kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuingia badala yake. Mechi iliyofuata Amarildo alishika nafasi yake, akafunga magoli yote mawili dhidi ya Uhispania, na Brazil ikatwaa kombe. Ligi ya Uingereza iliruhusu mchezaji mmoja wa akiba mwaka 1965, na mwanzoni ilikuwa kwa aliyeumia tu. Kombe la Dunia lilifuata mwaka 1970. Kwa ufupi, binadamu walihitaji zaidi ya miaka mia moja ya kandanda rasmi kukubali kwamba mtu aliyevunjika anaweza kutoka bila kuiadhibu timu yake.

Najua nitakayojibiwa. Wamarekani wana fedha. Sisi hata basi tunakodi kwa kuchangishana. Aidha, mtu anayefuatilia ligi yao ataniambia kwamba makocha huitumia orodha hiyo kwa hila, wakimwandika kijana mwenye maumivu madogo ili asichukuliwe na timu nyingine. Ni kweli, hila zipo. Na Marekani hawakuweka kanuni hiyo kwa huruma. Mchezaji kwao ni mali ya gharama kubwa, na mali hutunzwa. Lakini ninachokiomba hakihitaji dola hata moja. Kinahitaji karatasi na kalamu.

Naomba kila shule, kabla ya mechi ya kwanza ya muhula wa pili, iandike orodha tatu ubaoni badala ya mbili, na ya tatu iwe ya majeruhi. Atakayeandikwa humo abaki mwanatimu: ahudhurie mikutano ya timu, asafiri nafasi ikiwepo, na picha ya timu ikipigwa awemo. Uamuzi wa kumtoa na wa kumrudisha usiwe wa mwalimu wa michezo peke yake, kwa sababu yeye ndiye anayehitaji ushindi. Uwe wa muuguzi wa shule au wa zahanati iliyo karibu, nao uandikwe kwa idadi ya siku. Kipa wa pili na wenzake wa benchi wachezeshwe mechi kamili za mazoezi kila wiki, wala si dakika tano za mwisho timu ikiongoza kwa magoli manne.

La mwisho ndilo zito, na linawahusu walimu wakuu na halmashauri za shule zaidi ya walimu wa michezo. Mwanafunzi aliyesamehewa karo kwa ajili ya kipawa apewe barua siku anapojiunga, nayo itamke wazi kwamba akiumia akiichezea shule, karo yake haitadaiwa hadi amalize kidato cha nne. Mzazi atie sahihi, mwalimu mkuu atie sahihi, na mwanafunzi mwenyewe apewe nakala aiweke sandukuni mwake.